Refa Aliyejua Nani Aanze

Kila Ijumaa, popote ninapokuwa, simu yangu hupokea sauti ya mzee mmoja wa Buganguzi akikohoa. Hukohoa kwanza, ndipo huzungumza. "Jamani, tulieni. Asiwepo mtu wa kufanya mabadiliko kwa hasira." Nimeisikia sauti hiyo Tunduma, malori yamejipanga mpaka macho yanachoka. Nimeisikia Mpanda, na Kahama, katika vyumba vya kupanga ambavyo sikukaa hata nikajua jina la jirani. Watu wa kwetu wakiwa mbali hutamani ndizi zilizopikwa zikafunikwa kwa majani ya mgomba. Mimi kwa miaka mingi nilitamani sauti hiyo, na jogoo anayewika nyuma yake, na upepo unaopita kwenye migomba kabla mzee hajatamka jina la mchezaji wa kwanza.

Siku hizi ikifika naiangalia tu. Nasema leo siifungui. Halafu naifungua, naisikiliza mpaka mwisho, na nikimaliza nina hasira kuliko wiki iliyopita.

Tulimwita Refa. Alichezesha mechi za wilaya ya Muleba mpaka goti lilipomkatalia, na jina likabaki. Baadaye ukaja mchezo wa fantasi kwenye simu, ule wa kuchagua wachezaji wa ligi ya Uingereza na kuunda kikosi chako mwenyewe. Wanachokifanya uwanjani mwishoni mwa wiki ndicho kinachokupa pointi wewe uliyelala kwetu Izigo. Kazi yote ya wiki iko kwenye swali moja: nani aanze, nani akae benchi, na nani apewe unahodha, maana pointi za nahodha huhesabiwa mara mbili. Vijana walihangaika na swali hilo. Mzee akaliona, akavaa miwani, akalifanya kazi yake ya uzeeni. Kundi lake kwenye simu linaitwa Benchi la Refa. Wamo walimu, bodaboda, masista wawili ambao hawajawahi kuandika neno, na wavuvi wa visiwani ambao hupanda kwenye mwamba kutafuta mtandao ili wamsikie kabla muda haujafungwa.

Ushauri wake ulikuwa mzuri. Ningefurahi kusema ulikuwa wa kubahatisha, lakini hapana. Alikuwa na akili ya mtu aliyekimbia katikati ya wachezaji akiwatazama nyuso. "Yule winga wa London mnayemsifu, mwekeni benchi. Jumatano amecheza ugenini, kwenye baridi, mpaka filimbi ya mwisho. Kocha wake ni mwoga wa majeruhi, Jumamosi atampumzisha." Jumamosi winga alikuwa ameketi kwenye kiti, amejifunika koti. "Kipa wa timu dhaifu msimdharau. Atapigiwa mashuti mengi, na kila akidaka mnapata kitu." "Mtafuteni anayepiga penati. Anaweza kulala mechi nzima, lakini mpira ukiwekwa kwenye alama ataamshwa." Mtu akimuuliza jambo ana kwa ana, aliitazama saa ya mkononi kabla ya kujibu, kama vile anafikiria dakika za nyongeza.

Kubwa kuliko yote, alichukia mapenzi. Yaani mapenzi kwa mchezaji. "Usinianzishie jina," alisema karibu kila Ijumaa. "Nianzishie miguu. Huyu alikuwa nani mwaka juzi, mimi hainihusu. Jumamosi hii anacheza? Basi."

Nakumbuka Jumamosi moja kwenye banda la kuonyesha mpira pale Izigo. Alikuwepo mfanyabiashara wa dagaa kutoka visiwani, mtu wa Ukerewe, mnene, mcheshi, ambaye alichagua makipa kwa kuangalia ukubwa wa viganja kwa sababu ndivyo alivyochagua wavuta nyavu. Alikuwa amekataa kumwacha nahodha wake.

"Mzee, huyu nimetoka naye mbali," alisema.

"Ni mkeo?"

Banda zima likacheka.

"Si mke wangu, lakini..."

"Umemtolea mahari?"

"Aa, mzee!"

"Basi mwache aende. Goti lake limekwisha. Mimi goti nalijua."

Yule bwana wa dagaa akatugeukia sisi wengine. "Ninyi manshomile mna roho ngumu, jamani. Mmesoma mpaka huruma imewatoka."

"Huruma ipeleke kanisani," Refa akasema. "Hapa tunapanga kikosi."

Kisha mechi ikaanza na yeye akatoka nje. Hilo nalo alikuwa nalo: hakuweza kutazama. Mtu aliyewaambia watu wa wilaya nzima nani aanze alisimama nje kati ya pikipiki, mikono nyuma, akiuliza kupitia ufa wa mbao, "Kafunga nani?" Wakikawia kumjibu aligonga mbao kwa kiganja. Na katika kikosi chake mwenyewe alikuwa na mshambuliaji mmoja mzee, jina kubwa, hana mbio tena, na alimwanzisha kila wiki. Tulimchokoza. Alisema kila mtu ana kichaa chake, na sisi tulikiona kama kituko kizuri cha mzee tunayempenda. Leo nasema kwamba kituko kile kilituonyesha mtu mwenyewe, nasi tulipaswa kumtazama vizuri.

Lakini jambo lililotufanya tumwamini halikutoka kwenye simu. Zamani, goti likiwa zima, alichezesha mechi ya timu ya parokia yake dhidi ya jirani zao, padri ameketi mbele kabisa. Dakika za mwisho beki wa parokia akaushika mpira ndani ya boksi. Hakuna mwingine aliyeona, au wote walichagua kutoona. Refa akapuliza penati. Parokia ikafungwa. Wanawake waliokuwa wakiuza rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakakataa kumuuzia, na kwaya ikamnunia kwa Jumapili nyingi. Walipomuuliza kwa nini, alisema, "Nimeona mkono." Baba yangu alituhadithia hiyo mechi mara nyingi, na kila mara alipofika hapo alitupiga mapajani: "Nimeona mkono! Huyo ndiye mwanamume."

Baba na Refa walikuwa marafiki wa kunywana. Walitafuna kahawa pamoja kwa kiapo ujanani, kama wazee wa Kihaya walivyofanya, na baada ya hapo siri ya mmoja ilikaa kwa mwenzake. Kwa hiyo baba alipozeeka hakuona haja ya kuandika chochote. Aliyosema mbele ya Refa yalikuwa yamesemwa.

Na alisema. Nilikuwepo. Nilikuwa nimerudi kutoka safari zangu, nikamsindikiza Buganguzi kwa Refa, tukakaa uani, wazee wakibishana kuhusu kipa wa kuanzisha. Baba hakuwa na simu ya maana lakini alibishana kuliko sisi. Katikati ya ubishi akatazama migomba ya mwenzake, akasema, "Na mimi kikosi changu nimeshakipanga. Kibanja ni cha Adventina. Novatus ana duka lake Rwamishenye, huyu hapa hatulii mahali. Anayecheza ni Adventina."

Huyu hapa ni mimi. Sikukasirika, ulikuwa ukweli. Kaka yetu Novatus ndiye mkubwa, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini na hajashika jembe tangu amalize shule. Adventina ni dada yetu wa katikati. Ndiye aliyerudi nyumbani ndoa ilipomshinda, ndiye aliyekata migomba yenye mnyauko na kupanda upya, ndiye aliyemgeuza baba kitandani. Kibanja kile, shamba letu la migomba na kahawa, kinaishi kwa mikono yake.

Refa akajibu, "Nimesikia." Wakarudi kwenye kipa.

Baba alipofariki, siku ya kumaliza matanga, ukoo ulikaa Izigo kumtaja omusika, yaani mrithi wa kuketi kwenye kiti cha marehemu. Wazee wakamgeukia Refa. Rafiki wa marehemu, mtu asiye wa ukoo, mtu wa penati ile. "Marehemu alikuachia neno gani?"

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua. Aliitazama saa yake. Akasema, "Hakuniachia neno. Fuateni desturi."

Nilisimama. Nikasema baba alisema, alisema mbele yetu, kibanja ni cha Adventina. Baba mdogo mmoja akaniambia kwa upole unaochoma, "Mwanangu, wewe unakuja na kuondoka. Keti." Novatus akaketishwa kwenye kiti. Watu wakapiga makofi. Adventina alikuwa jikoni na wanawake, akipakua chakula cha watu waliokuwa wakimpokonya shamba, na habari ilimfikia akiwa na mwiko mkononi.

Nimejaribu kumwelewa yule mzee tangu siku hiyo. Nimejiambia ni uzee, nimejiambia aliogopa wazee wa ukoo. Haiingii akilini. Mtu aliyesimama mbele ya padri na parokia nzima hawezi kuogopa baba zangu wadogo watatu wenye kobazi. Na Ijumaa iliyofuata, udongo wa kaburi haujakauka, sauti ikaja: "Jamani, tulieni. Msimwanzishe mtu kwa sababu ya jina." Niliirusha simu kitandani. Novatus naye yumo kwenye Benchi la Refa. Aliandika chini yake: "Asante mzee, tunajifunza." Nadhani hata yeye hakuona alichokuwa anaandika.

Mwaka huu Novatus amepata mnunuzi. Mtu huyo anataka kung'oa migomba na kahawa apande miti ya mbao. Kaburi la baba litabaki katikati ya mikaratusi kama kitu kilichosahaulika kuondolewa. Adventina aliahidiwa chumba nyuma ya duka Rwamishenye, ila kwanza asaini mbele ya mtendaji wa kijiji kwamba anaondoka kwa hiari na hadai kitu. Alinipigia simu nikiwa Kahama. Hakulia. Alisema, "Wanataka nisaini Ijumaa mchana. Mtendaji anasema nikiwa na shahidi wa maneno ya baba, asiye mtoto wake, atasimamisha jambo hili na kulipeleka baraza la kata. Shahidi huyo wewe unamjua."

Nikapanda basi.

Nilifika Buganguzi Ijumaa asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Refa alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha kamba, amekonda, simu karibu kabisa na mdomo. Nilipomkaribia aliniinulia kiganja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ngoja nimalize watu."

Nikasimama. Nilisafiri usiku kucha, dada yangu anatolewa kwenye ardhi mchana ule, na mimi nikasimama kama mchezaji wa akiba nikimsikiliza akikohoa kwenye simu. Aliwaambia beki yupi aanze. Aliwaambia wamwondoe kiungo fulani hata kama wamemzoea. "Msiogope lawama," alisema. "Kupanga kikosi ni kukubali kununiwa." Akaachia kidole, ujumbe ukaondoka kwenda kwa walimu, bodaboda, masista na watu wa kwenye mwamba.

"Umempa nani unahodha wiki hii?" akaniuliza.

"Sikuja kwa hilo."

"Keti basi, waitu," akanibembeleza.

"Siketi. Saa nane Adventina anasainishwa. Twende Izigo ukaseme ulichokisikia."

"Niliulizwa, nikajibu."

"Ulidanganya!" Sauti ilinitoka mpaka kuku wakaruka. "Uliketi kwenye matanga ya rafiki yako ukadanganya. Baba alisema hapa, kwenye ua huu, wewe ukasema nimesikia. Unawaambia watu wote wasianzishe jina, na siku moja tu, siku moja iliyokuwa na maana, ukaanzisha jina! Novatus hajui hata mche wa kahawa unapogolewa vipi!"

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Mpira ni mpira," akasema. "Nikikosea, Jumatatu watu wananitukana, Ijumaa wanarudi. Kibanja hakina Ijumaa nyingine."

"Ndiyo maana ulipaswa kusema kweli."

Akasugua goti. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Unajua kibanja hiki kililimwa na nani kabla yangu?"

Sikujua.

"Na dada yangu. Mimi nilikuwa uwanjani, nakimbia na filimbi. Baba yetu alipokufa wakaniketisha mimi kwenye kiti, yeye akahamishiwa kile chumba cha nyuma. Mpaka leo analima, mimi navuna. Sasa niende Izigo nikasimame nikaseme binti wa watu apewe shamba kwa sababu ndiye anayelima. Halafu nirudi hapa. Nikae wapi?"

Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Hakuwaogopa wazee wa ukoo. Aliogopa kurudi nyumbani. Nilimtazama yule mzee niliyembeba moyoni kutoka mji hadi mji, nikajisikia kama mtu aliyekuwa akisalimia ukuta. Nikamwambia, "Basi uache kuwashauri watu. Zima hiyo simu. Huna haki ya kumwambia hata mtoto nani aanze."

"Sema taratibu," akasema. "Yuko ndani."

"Anasikia," ikasema sauti ya mwanamke.

Alikuwa mlangoni. Mwanamke mrefu, mzee kuliko Refa, kitenge kimefungwa kifuani, mikono ina utomvu mweusi wa ndizi. Nilikuwa nimemwona mara nyingi uani hapo bila kuzungumza naye zaidi ya salamu. Nikainama, nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza, "Siku ile baba yako aliposema maneno yake, nani aliwaletea akamwani ya kutafuna?"

Nilikumbuka kikapu cha kahawa, sikumkumbuka aliyekileta.

"Nilikuwa nimesimama hapa hapa, kikapu mkononi," akasema. "Alisema kibanja ni cha Adventina. Alisema pia mstari wa kahawa uliopo upande wa kaburi la bibi yako usiguswe na mtu. Hilo hamkulisikia, ninyi wawili. Mlikuwa mnagombania kipa."

"Mama, ulikuwepo," nikasema. "Mbona hukusema matangani?"

"Nani aliniuliza?"

Refa akainua kiganja, kile kile alichoniinulia mimi. "Dada, kaa. Hayo ni mambo ya ukoo wa watu."

"Nimekaa," akamwambia. "Nimekaa tangu baba afe."

Akaingia ndani. Tulisikia maji yakimwagika kwenye beseni, akinawa. Refa alinitazama mara moja, kama mtu anayeomba nimzuie, na mimi nikageuza uso nikatazama barabarani. Dada yake akatoka amebadilisha kitenge, amevaa viatu vya kanisani, mkoba kwapani.

"Nani atapika?" Refa akauliza. Kweli, ndicho alichouliza.

"Ndizi zimo kwenye kikapu. Kisu unakijua."

Nikamsimamisha bodaboda. Yule mama akapanda kwa upande, taratibu, akakiweka sawa kitenge, mimi nikakaa nyuma yake. Hakutazama uani hata mara moja. Tulipofika kwenye lami akamgonga dereva begani apunguze mwendo, akanigeukia.

"Huyo binti anajua kuwa nakuja?"

"Hajui, mama. Hata mimi sikujua."

"Mpigie simu," akasema. "Mwambie asishike kalamu mpaka nifike."